Kutembeza Kundi la Wanafunzi Bern kwa Miguu: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila majira ya joto viongozi wa makundi hunijia na malalamiko yale yale: "Tulifika Bern asubuhi, tukazunguka hadi jioni, miguu ikauma, na bado hatukuiona." Ni walimu wanaoleta wanafunzi wao kutoka Nairobi, vijana wa Dar es Salaam waliokuja kozi fupi Geneva, Watanzania na Wakenya wanaosoma Ujerumani na kuvuka mpaka kwa wikendi. Nikiwauliza siku yao ilikwendaje, nakuta kosa ni moja. Wamechukua ramani, wakaweka alama sehemu kumi na tano, wakaanza kuzifuata moja baada ya nyingine.

Bern, makao ya serikali ya Uswisi, haitembelewi hivyo. Mji mkongwe wake ni mdogo, umekaa ndani ya pindo la mto Aare kama ulimi, na katikati yake kuna mnara wa saa ambao onyesho lake hudumu dakika chache tu kila saa inapogonga. Ukiukosa kwa dakika moja, una karibu saa nzima ya kusubiri au kuukosa kabisa. Kwa hiyo ratiba ijenge juu ya saa kwanza, halafu ramani iifuate. Fuata hatua hizi na kundi la watu 20 hadi 30 litamaliza ndani ya saa nne na ushee, bila kukimbia na bila njaa.

## Vitu vya kuandaa kabla

Ratiba ya karatasi moja yenye saa za aina mbili. Hili nalisisitiza kuliko yote. Ukimwambia mwanafunzi wa Mombasa "tukutane saa nne", yeye anajua ni saa nne asubuhi. Mwenzake aliyekulia Ulaya kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili anaweza kuelewa 4:00 alfajiri au 16:00. Nimewahi kusubiri wanafunzi watatu kwa dakika arobaini kwa sababu hii hii. Andika zote mbili: saa 4:45 asubuhi (10:45).

Viatu vilivyozoeleka mguuni. Mitaa imetandikwa mawe na mji wote unateremka kuelekea mtoni. Kandambili na viatu vipya vitamkwamisha mtu kabla ya saa sita mchana.

Chupa tupu ya maji kwa kila mtu. Usinunue maji Bern. Mji una mabirika, yaani chemchemi za kujengwa mitaani zenye maji yanayotiririka, zaidi ya 100, na maji yake hunywewa. Ila birika likiwa na maandishi *Kein Trinkwasser*, maji hayo si ya kunywa.

Kanga au kitambaa cha rangi kali. Kifunge kwenye mwavuli au fimbo. Umati wa watalii unapojaa chini ya mnara wa saa, kanga nyekundu iliyoinuliwa juu huonekana kutoka mbali, na hakuna kundi jingine litakalokuwa nayo.

Chakula cha mchana kilichonunuliwa asubuhi. Migahawa ya Uswisi ni ghali, na kundi la watu 25 kukaa mezani na kuhudumiwa huchukua saa moja na nusu. Nunua mikate, matunda na jibini kwenye duka la Migros au Coop.

Sarafu za faranga ya Uswisi. Kadi inakubalika karibu kila mahali, lakini choo cha stesheni ni cha kulipia, na sarafu zitakuokoa mstari ukiwa mrefu.

Pasi au kitambulisho, na nakala yake. Visa ya Schengen inafaa Uswisi. Mwanafunzi abebe nakala, kiongozi abebe orodha ya majina na namba za simu.

Intaneti iliyohakikishwa. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya. Vifurushi vingi vya simu vilivyonunuliwa Ujerumani au Ufaransa hukatika au hutoza pesa nyingi ukishavuka mpaka. Pakua ramani ya Bern kabla ya kuondoka ili ifunguke bila mtandao.

Namba za dharura kwenye kila simu: 112 kwa dharura yoyote, 117 polisi, 118 zimamoto, 144 gari la wagonjwa.

Kama kundi limelala Bern hotelini au kwenye hosteli, ulizeni mapokezi kuhusu *Bern Ticket*. Mgeni anayelala mjini hupewa tiketi hiyo bila malipo, nayo hugharimia mabasi na tramu za mjini. Viongozi wengi hawajui, wakanunua tiketi ambazo wangepewa bila malipo.

## Chagua siku

Jumanne na Jumamosi asubuhi kuna soko la mboga, maua na jibini mbele ya Bunge. Linapendeza, lakini linajaza uwanja. Jumapili maduka mengi yamefungwa, isipokuwa yale ya stesheni, basi chakula kinunuliwe huko. Jumatatu ya nne ya mwezi wa Novemba ni siku ya *Zibelemärit*, soko la vitunguu, na watu huanza kufurika tangu giza la alfajiri. Nendeni siku hiyo kama mnalifuata soko lenyewe. Kwa matembezi ya kujifunza, chagueni siku nyingine.

Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni (17:00). Mwezi wa Juni kuna mwanga hadi baada ya saa tatu usiku (21:00). Mvua isikutishe: mji mkongwe una vibaraza vilivyoezekwa, vinavyoitwa *Lauben*, ambavyo ukiviunganisha vinafika kama kilomita 6. Mtu aliyekulia Zanzibar atajisikia nyumbani akiviona, kwani vinafanya kazi ile ile ya baraza, kumkinga mpita njia na kumpa muuza duka mahali pa kuweka bidhaa.

## Hatua ya 1: Panga siku kutoka saa tano asubuhi kurudi nyuma

Fanya kazi hii usiku wa kuamkia safari. Andika katikati ya karatasi: Zytglogge, saa 5:00 asubuhi (11:00). Hilo ndilo jina la mnara wa saa. Halafu rudi nyuma.

Kundi liwe limesimama mahali pake saa 4:45 (10:45), kwa sababu onyesho huanza kama dakika nne kabla ya saa kugonga, na kabla ya hapo watu wengine wameshachukua nafasi nzuri. Ili mfike saa 4:45, muondoke uwanja wa Bunge saa 4:25 (10:25). Ili mmalize Bunge, muanze matembezi saa 3:30 (9:30).

Kwa nini saa tano na si saa nne? Kundi linalotoka Zurich, Basel au Geneva huja na treni. Kutoka Zurich au Basel ni kama saa moja, kutoka Geneva ni saa moja na dakika arobaini hivi. Ukilazimisha onyesho la saa nne, utawaamsha vijana alfajiri na watakuwa wanasinzia ukizungumza. Saa sita mchana nayo huvuta umati mkubwa na hukupeleka kwenye njaa.

*Umefaulu kama* mtu mwingine yeyote akichukua karatasi yako anaweza kuongoza kundi bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Gawa kazi kabla hamjashuka kwenye treni

Teua watu watatu. Wa kwanza ni wa mbele, mwenye kanga. Wa pili ni wa mwisho kabisa, anayehakikisha hakuna aliyebaki nyuma. Mchague mtulivu, asiyevutwa na madirisha ya maduka. Wa tatu anatunza saa na anaruhusiwa kumkatiza hata mwalimu anapozungumza: "Mwalimu, zimebaki dakika mbili."

Kisha wapange wanafunzi wawili wawili. Kila mtu anamjua mwenzake. Ukisema "hesabu", kila mmoja anamtazama mwenzake tu, na asiyemwona anapaza sauti. Kuhesabu vichwa 28 mtaani huchukua muda na mara nyingi hutoa jibu la uongo. Wawili wawili ni sekunde tano.

Wape kanuni moja ya kupotea: *aliyepotea anarudi chini ya mnara wa saa na kubaki hapo.* Kila mtu Bern anaujua mnara huo. Mwanafunzi hahitaji Kijerumani, ataje tu "Zytglogge" na ataelekezwa.

## Hatua ya 3: Kutana mbele ya kanisa, nje ya stesheni (saa 3:30, 9:30)

Usikusanye kundi ndani ya stesheni. Watu ni wengi, njia za chini ya ardhi ni nyingi, na mwanafunzi mmoja akienda chooni mmepoteza robo saa. Tokeni nje, mkutane mbele ya kanisa la Heiliggeistkirche, lililo mkabala na stesheni.

Hapa toa tahadhari ya tramu, na itoe kwa sauti. Uswisi tramu ina haki ya kupita hata kwenye kivuko cha pundamilia. Gari litasimama, tramu haitakusimamia. Nayo huja kimya. Vijana wetu wamezoea kusikia matatu au daladala kutoka mbali, sasa wanageuka kupiga picha na tramu iko mgongoni.

Wafundishe pia salamu ya hapa: *Grüessech*, yaani salamu ya heshima ya Kijerumani cha Bern. Muuza duka akisikia hiyo kutoka kwa mgeni, uso wake hubadilika. Sisi tuliolelewa kusalimu kabla ya kuuliza bei tunalielewa jambo hilo.

## Hatua ya 4: Dunia ya barua, Kleine Schanze (dakika 15)

Tembeeni dakika chache hadi bustani ya Kleine Schanze. Kuna sanamu ambayo makundi mengi huipita: tufe la dunia, na kuizunguka wanaelea wanawake watano, mabara matano, wakipokezana barua. Ni kumbukumbu ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874 na ambao makao yake bado yako hapa. Sanamu ilizinduliwa 1909.

Waambie wanafunzi wamtafute anayewakilisha Afrika. Waache wazunguke, wabishane. Halafu waulize swali moja: barua iliyotiwa stempu Posta ya Dar es Salaam, kwa nini inakubaliwa kupelekwa mlangoni Bern na postamani wa Uswisi ambaye hakulipwa senti na mtumaji? Jibu ni mapatano yaliyotiwa saini mji huu. Naanza matembezi hapa kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi akianza na kitu kinachomgusa hubaki macho siku nzima.

*Umefaulu kama* wanaanza kuuliza maswali wenyewe kabla hujaanza "somo".

## Hatua ya 5: Ukingo wa Bunge na uwanja wake (hadi saa 4:25, 10:25)

Piteni nyuma ya jengo la Bunge, kwenye ukingo wa *Bundesterrasse*. Siku ya anga safi mnaona milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau imejipanga kwa mbali, myeupe. Siku ya ukungu hamwoni kitu, msisubiri.

Chini kabisa mtaona Aare, maji yake ya kijani. Majira ya joto watu wa Bern huruka ndani na kuelea na mkondo. Wanafunzi wako wasiingie. Namaanisha hata wale wanaoogelea vizuri, hata waliokulia ufukweni Bagamoyo au Malindi. Bahari inakuacha uelee. Mto huu unakuchukua, ni wa baridi, na mtu asipojua mahali pa kutokea hupitishwa. Sema hivyo hapa, mkiwa mnauona mto, ili mtu asije akashawishika alasiri.

Zungukeni mpaka mbele. Jengo lilikamilika 1902. Kwenye uwanja kuna mianya 26 ya maji yanayoruka kutoka sakafuni, mmoja kwa kila kantoni, yaani jimbo la Uswisi. Siku ya soko na wakati wa baridi huzimwa. Kama ni siku ya joto, wape vijana dakika tano wakimbie katikati ya maji. Baada ya hapo watasikiliza.

Mwanafunzi atauliza kama Bern ni mji mkuu. Mjibu kwa usahihi: ndiyo makao ya serikali na Bunge tangu 1848, na Waswisi huuita mji wa shirikisho, kwani sheria yao haikutaja mji mkuu. Mkitaka kuingia ndani ya Bunge, agizeni ziara mapema na kila mtu aje na kitambulisho halisi. Usiichomeke ziara hiyo kwenye asubuhi hii; itavunja ratiba yote.

## Hatua ya 6: Shukeni Marktgasse bila kusimama (dakika 15)

Kutoka uwanjani piteni Bärenplatz hadi mnara wa zamani wa jela, *Käfigturm*, mwingie mtaa wa Marktgasse. Tembeeni chini ya vibaraza, upande mmoja, wawili wawili. Ukisimamisha watu 28 ndani ya kibaraza umeziba njia ya wazee, wenye mikokoteni ya watoto na wauza duka, na watakuambia.

Simameni mara moja tu, kwenye uwanja wa Kornhausplatz, pembeni kidogo ya mnara wa saa. Juu ya nguzo ya birika kuna zimwi limeketi, limetia kichwa cha mtoto mdomoni, na mfuko wake umejaa watoto wengine. Kila mtoto wa Kiswahili amesimuliwa habari za zimwi. Waache walitazame dakika mbili, wapige picha, muondoke.

## Hatua ya 7: Mnara wa saa (saa 4:45 hadi 5:05, 10:45 hadi 11:05)

Hapa ndipo makundi mengi hushindwa, na mimi nilishindwa mara ya kwanza.

Mkitoka Marktgasse mnaukuta mnara mbele yenu, mkubwa, una saa kubwa usoni. Kila kiongozi mgeni husimamisha kundi papo hapo. Nami nilifanya hivyo. Tulisimama tukiangalia juu, kengele ikagonga, watu wakapiga makofi upande wa pili, na sisi hatukuona kitu. Sanamu zinazocheza ziko upande wa mashariki, upande wa Kramgasse. Lazima mpite chini ya tao la mnara, mtokee upande wa pili, kisha mgeuke nyuma.

Msisimame karibu mno. Mkikaa chini kabisa ya ukuta shingo zitauma na hamtaona vizuri. Rudini nyuma hatua ishirini hivi ndani ya Kramgasse, mkae pembeni, kwa sababu mabasi hupita mtaa huu. Mwenye kanga asimame ukingoni mwa kibaraza, wa mwisho asimame upande wa barabara na macho yake yawe kwenye mabasi tu. Yeye ataliona onyesho siku nyingine.

Kabla halijaanza, waonyeshe sehemu zake kwa kidole, chini kwenda juu, kwa sababu mambo huenda haraka na ni madogo kuliko watu wanavyotarajia. Pale kushoto ni jogoo wa dhahabu. Pale ni mcheshi mwenye kengele mbili juu ya kichwa chake. Pale chini ni msafara wa dubu, mnyama wa nembo ya Bern. Katikati ni mzee mwenye ndevu aliyeshika kipima muda cha mchanga. Na juu kabisa, kileleni, ni shujaa wa dhahabu aliyevaa deraya na kushika nyundo.

Kama dakika nne kabla ya saa, jogoo huwika. Wengi hucheka, kwani sauti yake ni ya kukwaruza, inatoka kwenye mvukuto kama wa mhunzi. Mcheshi hugonga kengele zake mapema, kabla ya saa kufika, kama mtu asiye na subira. Dubu huzunguka. Jogoo huwika tena. Kisha saa inapotimia mzee hugeuza mchanga wake na shujaa wa juu hugonga kengele kubwa, na jogoo huwika mara ya mwisho.

Mtambo unaoendesha haya yote ulitengenezwa na Kaspar Brunner mwaka 1530 na bado unafanya kazi kwa uzito na meno ya chuma.

Wanafunzi wakirekodi kwa simu, waombe warekodi kwa zamu: nusu warekodi, nusu watazame kwa macho. Baadaye watapeana video. Ukiwaacha wote nyuma ya skrini, hakuna atakayejua jogoo amewika mara ngapi, na hilo ndilo swali unalowauliza baada ya hapo.

Halafu rudini chini ya tao. Ukutani kuna vipimo rasmi vya urefu, mita moja na mita mbili, vilivyowekwa pale ili mtu yeyote aje alinganishe. Zamani vilikuwa vipimo vya mkono na pima, kwa wauza vitambaa na wajenzi. Mwambie mwanafunzi mmoja aweke kiwiko chake kwenye ukuta na kunyoosha vidole. Hiyo ndiyo dhiraa. Bibi zetu wa pwani walipimiwa kitambaa hivyo hivyo dukani, na mwenye mkono mfupi akilalamikiwa, ilikuwa lazima pawepo kipimo kisichobishaniwa. Bern ilikiweka ukutani, chini ya saa. Nimewahi kumwona msichana kutoka Lamu akiugusa ule ukuta mara tatu, akipima na kurudia, kundi zima likimsubiri, na sikumharakisha.

*Umefaulu kama* kila mtu ameona jogoo na amegusa kipimo.

## Hatua ya 8: Kramgasse na mlango namba 49 (dakika 20)

Teremkeni Kramgasse. Nyumba zote ni za jiwe la mchanga la rangi ya kijivu-kijani, kwa sababu moto wa 1405 uliteketeza mji wa mbao. Waonyeshe vifuniko vya vyumba vya chini vinavyofunguka mtaani, milango iliyolala mshazari kama ya ghala. Ndani kuna maduka na majumba madogo ya maonyesho. Tahadhari: mtu anayerudi kinyumenyume kupiga picha huweza kutumbukia ngazini kifuniko kikiwa wazi.

Namba 49 ndipo Albert Einstein alipoishi na mkewe Mileva kuanzia 1903 hadi 1905, akifanya kazi ofisi ya hataza, inayosajili haki za uvumbuzi. Mwaka huo wa 1905 ndio alioandika kuhusu uhusianifu (*relativity*). Fleti ni ndogo na ngazi ni nyembamba. Kundi zima haliingii kwa pamoja. Kwa kundi kubwa nashauri muishie mlangoni, mwanafunzi mmoja aliyejiandaa aeleze kwa dakika tatu. Wanaotaka kuingia warudi alasiri wakiwa wachache.

## Hatua ya 9: Kanisa kuu na chakula (saa 5:30 hadi 6:15, 11:30 hadi 12:15)

Piteni kichochoro hadi Münsterplatz. Ujenzi wa kanisa ulianza 1421 na mnara wake, unaozidi kidogo mita 100, ulikamilika 1893. Juu ya lango kuu kuna Siku ya Hukumu iliyochongwa, sanamu zaidi ya 200, wema upande mmoja na waliohukumiwa upande wa pili. Wape dakika tano wamtafute mwenye taji miongoni mwa waliohukumiwa.

Kupanda mnara ni ngazi zaidi ya 300. Usipandishe kundi zima. Ndani ni pembamba, wanaopanda na wanaoshuka wanakutana, na mwenye pumu au hofu ya urefu hatakuambia mpaka akwame katikati.

Pembeni ya kanisa kuna *Münsterplattform*, bustani yenye miti na mabenchi juu ya mto. Kuleni hapa. Okoteni takataka zote, hata maganda ya chungwa. Hapa ni kibaraza cha watu wanaoishi jirani. Kwa mwenye maumivu ya miguu, kuna lifti ya zamani ya kulipia inayoshuka mtaa wa Matte, inayofanya kazi tangu 1897.

## Hatua ya 10: Haki, daraja na dubu (hadi saa 7:00 mchana, 13:00)

Endeleeni chini kwa Gerechtigkeitsgasse, yaani Mtaa wa Haki. Katikati ya mtaa kuna birika la 1543 lenye mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, upanga mkononi. Miguuni pake wapo wanne: Papa, Kaizari, Sultani na mkuu wa mji wa Bern mwenyewe. Kila kundi la pwani husimama kwa muda mrefu hapa, na nadhani naelewa kwa nini. Waulize: mtu aliyelipia sanamu hii alikuwa nani? Ni mji. Mji uliweka mkuu wake chini ya miguu ya haki, mtaani, mbele ya kila mpita njia. Sanamu iliyosimama sasa ni nakala. Asili yake imehifadhiwa.

Vukeni Nydeggbrücke. Upande wa pili, kwenye mteremko wa mto, kuna hifadhi ya dubu iliyofunguliwa 2009. Kuangalia ni bure. Wakati wa baridi dubu huwa wamelala, basi usiwaahidi watoto. Hakuna anayepanda ukuta wala kuning'inia kwa ajili ya picha. Mwaka ule ule wa 2009 mtu aliingia ndani na kushambuliwa.

## Hatua ya 11: Rosengarten na kurudi (saa 7:10 hadi 7:45, 13:10 hadi 13:45)

Kutoka kwa dubu kuna njia inayopanda hadi bustani ya waridi. Ni mwinuko wa kama dakika kumi. Nendeni polepole, wa mwisho aweke mwendo badala ya wa mbele.

Juu, mji wote uko chini yenu: mto umeuzunguka pande tatu, paa za vigae zimebanana, mnara wa kanisa umechomoza. Gawa karatasi na kalamu. Kila mwanafunzi achore pindo la mto kwa mstari mmoja, aweke alama tano tu alizopita, na aandike saa aliyokuwa kila mahali kwa Kiswahili. Wengi huchora vizuri kushinda wanavyodhani, kwa sababu wameutembea mji huo kwa mpangilio, kutoka juu kwenda chini, na miguu inakumbuka.

Vyoo viko hapa. Kila mtu aende sasa. Jazeni chupa. Kisha shukeni kituo cha basi cha Rosengarten, mchukue basi namba 10 hadi stesheni. Mwenye kanga apande mlango wa mbele, wa mwisho apande mlango wa nyuma baada ya kila mtu kuingia, na kabla dereva hajafunga milango paza sauti: "Hesabu!"